Nilivyolifokea Gari la Mkwe Wangu

Nacheka nikiandika haya. Mume wa binti yangu alinileta nyumbani Kombewa pamoja na mkewe na watoto wao, akaacha gari likinguruma akiingiza unga wangu ndani. Kwenye kiti nikaokota kidude cheusi. Kwetu mama mkwe hampi mkwe kitu mkononi, kwa hivyo nikakitia kifuani nimpe binti yangu, kisha nikasahau.

Niliposhuka, gari likalia tii tii tii. Nikalifokea, "Nyamaza! Huna adabu?"

Mkwe alipolizima, halikuwaka tena. Kazini Kisumu walimngoja, na ufunguo hauonekani! Nikawapekua wajukuu wote, nikitafuta ufunguo wenye meno.

"Mama," binti yangu akaniita, "kila ukilisogelea gari, taa zake zinawaka. Umebeba nini?"

Nikatia mkono kifuani, nikatoa kile kidude cheusi; kumbe ndicho ufunguo wenyewe! Mkwe akageuka haraka, akawatazama ng'ombe wa jirani, mabega yakimtetemeka kwa kicheko.