Bibi Aliposhuka Kumsalimia Mkwe

Enzi zetu, mtoto wa Mshangano aliyewahi kupanda treni alikuwa mtu mzito. Kwetu Songea reli tulikuwa tukiisikia tu, na mpaka leo tunaisikia. Mimi niliipanda likizo moja, tukienda Dar kwa baba mdogo: mimi, Babu na Bibi. Basi hadi Makambako, vumbi mpaka kwenye kope, kisha treni. Kwenye mahandaki giza lilipoingia behewani, watoto wote tulipiga kelele. Babu naye alipiga, ingawa baadaye alikana.

Bibi hakusinzia hata kidogo. Alikuwa akisubiri kijiji kimoja huko mbele, alikoolewa binti yake, shangazi yangu. Hawakuwa wameonana tangu harusi. Treni ingesimama pale kidogo tu, na shangazi alikuwa ametumiwa salamu aje dirishani.

Stesheni yenyewe ilikuwa chumba kimoja cha bati na kengele. Lakini treni ilipofunga breki, kijiji kizima kilikuwa pale: akina mama na mabeseni ya ndizi kichwani, mihogo ya kuchoma, samaki wa kukaanga wa kukutoa mate. Shangazi akaja mbio, huku analia na kucheka. Nyuma yake, taratibu, akaja mama mkwe wake ndani ya kanga mpya.

Hapo ndipo mambo yalipoharibika. Kwetu mkwe hasalimiwi kwa kuchungulia.

"Nimsalimie mkwe nikiwa huku juu kama kuku darini? Thubutu!" Bibi akasema, akasimama.

"Shuka basi," Babu akamjibu, "lakini habari za mashamba usizianze."

Akashuka, akapiga magoti, na mkwe naye akapiga magoti. Wakaulizana habari za watoto, za wagonjwa, za mvua. Kengele ikalia. Wao ndiyo kwanza wamefika kwenye mashamba. Treni ikaondoka. Mimi nililia kama nimefiwa, Babu anaita dirishani mpaka sauti inamkauka, na Bibi kule chini ameshikwa mkono na shangazi, anatupungia tu.

Alitufuata Dar baada ya siku chache kwa treni nyingine, na kiroba cha mchele, amenawiri. Babu alikuwa amenuna.

"Nimelala kitanda kimoja na mwanangu," Bibi akamwambia. "Wewe nuna tu."

Siku hizi wajukuu zangu wanasalimia "mambo" bila kuinua macho kwenye simu, na mkwe anatumiwa kidole gumba. Siwalaumu sana. Wanaonana na ndugu zao kila siku kwenye kioo, wala hawahitaji kungoja treni isimame. Ila nikiwatazama namkumbuka shangazi. Alifariki kwa uzazi kabla ya likizo iliyofuata, na siku zile chache ndizo za mwisho Bibi kukaa na mwanawe. Nililia sana treni ilipomwacha. Leo naishukuru kwamba haikumngoja.