Chungu cha Kuchuja Bahari

Namhimidi Mungu aliyegawa maji, akayapa mengine chumvi na mengine utamu, akaweka kila kiumbe katika maji yake. Amenipa miaka mingi kuliko niliyothubutu kumwomba, na macho yangu bado yanauona mstari wa kitabu nikikisogeza dirishani. Kwa hiyo naandika haya kwa shukrani, ingawa habari yenyewe hainipambi.

Nilikuwa mwalimu msaidizi katika shule moja pale Buhare, pembeni ya mji wa Musoma, miaka ile watu walipokuwa wakihamia vijiji vya ujamaa. Mwalimu mkuu wetu alikuwa mtu wa pwani. Alipohamishiwa kwetu alikuja na mizigo ambayo hatukuielewa: sanduku la kioo lenye urefu wa meza, na mitungi minne ya kioo, ile mikubwa ya tindikali inayofumiwa ukili kwa nje, imejaa maji ya bahari. Ndani ya ndoo yenye mfuniko walikuwemo samaki watano wadogo, weusi wenye michirizi ya buluu. Walikuja kwa treni hadi Mwanza, kisha kwa meli hadi kwetu. Mwenyewe alisema anataka watoto wa Mara waijue bahari kabla hawajaisoma. Mimi nilidhani alikuwa na upweke.

Sanduku liliwekwa ofisini juu ya benchi la saruji. Umeme hatukuwa nao. Hewa ya samaki ilitoka kwenye mpira wa ndani wa tairi la trekta. Asubuhi unaujaza upepo kwa pampu ya baiskeli, halafu unauachia upepo ule utoke kidogo kidogo kwenye mrija wa dripu, na mapovu yanapanda majini mchana kutwa. Jioni unajaza tena. Chini ya maji aliweka mawe ya bahari yenye matundu. Alisema mawe yale yamejaa uhai usioonekana, nao ndio unaosafisha maji.

Haukupita muhula akaitwa Butiama, akakae miezi mitatu kuwafundisha walimu wa kisomo cha watu wazima. Shule aliniachia mimi, na samaki pia.

"Chakula chao ni uduvi wa kusaga," aliniambia. "Kiasi cha kukaa juu ya ukucha, mara moja kwa siku. Maji yakipungua ongeza ya mvua mpaka kwenye alama hii ya rangi, kwa sababu jua linachukua maji lakini chumvi linaiacha. Na chujio usiweke. Watu watakushauri uweke. Chujio lisipooshwa kila siku linaoza, na likioza linakuwa uchafu mkubwa kuliko ule liliouzuia. Mwalimu, haya maji hayana mengine."

Neno hilo la mwisho lilinikaa. Ziwa zima lilikuwa chini yetu mteremkoni, watu wakioga na kuchota bila kufikiri, lakini bahari yetu sisi ilikuwa mitungi minne tu, na yote tulikwisha kuimimina.

Wiki tatu za kwanza zilikwenda vizuri. Ya nne, maji yakaanza kuwa na ukungu, kama maji yaliyooshewa mchele. Nilipunguza uduvi. Ukungu ukazidi. Juu ya maji pakatanda utando wa mafuta, na ofisi ikaanza kunuka. Jumatano moja asubuhi nilikuta samaki mmoja amelala ubavu kwenye mawe.

Nilijiambia kwamba mimi nimefuata kila agizo, kwa hiyo kuna mtu anatia kitu. Nilipokwisha kulisema hilo moyoni, sikuhitaji kutafuta mbali. Nilimfikiria mpishi wetu.

Alikuwa mama mtu mzima, mjane, mwenye watoto wanne waliokula kwa kazi ile. Tangu mwanzo hakuwapenda samaki. Siku sanduku lilipofika alisimama mlangoni, mwiko mkononi, akasema, "Samaki wa kuangaliaga tu? Hapa Musoma?" Walimu wakacheka. Akaendelea, "Watoto wamekula maharage siku sita. Ya saba wataletewa kioo."

Tena alikwisha kugombana na mwalimu mkuu juu ya unga wa yanga, ule wa mahindi ya njano ya msaada, ambao alisema haushiki ugali. Na siku mbili kabla samaki hajafa, nilimkuta anatoka ofisini peke yake, mkono wa gauni umelowa hadi kiwikoni.

"Unatafuta nini, mama?" nilimwuliza.

"Chumvi," akasema, na kwenda zake.

Niliona kama amenidhihaki. Kuanzia hapo kila alichofanya kilikuwa ushahidi. Akiimba jikoni, anafurahia. Akinyamaza, anaficha. Nilikaa nikaandika barua kwa kamati ya shule, kwa mwandiko wangu mzuri, kwamba mpishi huyu ni mchafu, ana kinyongo na mali ya umma, na kwa heshima naomba aondolewe kazini. Kamati ilikuwa ikutane Jumatatu, si ile iliyofuata bali ya wiki ya pili yake. Barua niliiweka ndani ya Biblia, nikajiona mwenye subira kwa kuwa sikuipeleka siku ileile.

Jumamosi akaja shemeji yangu, mdogo wake mume wangu, kutoka Bunda. Alikuwa fundi kwenye kiwanda cha kuchambulia pamba, mtu wa maneno mengi. Redio yetu aliitengeneza Krismasi, na tangu hapo haikulia tena. Alisimama mbele ya sanduku, akanusa, akasema, "Shemeji, hawa wanakunywa supu."

"Kuna mtu anawatilia kitu."

"Mtu au shetani, dawa ni chujio. Kule kwetu bila machujio, vumbi la pamba lingetuzika wote na mashine zetu. Kitu kinachoelea unakipitisha kwenye pamba, basi, kimekamatika."

"Mwalimu mkuu amekataza."

"Mwalimu mkuu yuko Butiama anafundisha wazee a, e, i, o, u. Samaki wanafia hapa."

Jumanne alirudi na chungu cha udongo alichokitoboa vitundu chini. Ndani ya chungu alipanga changarawe, juu yake mkaa uliooshwa, juu kabisa bonge la pamba nyeupe. Alikata kipande cha mpira wa maji na kuingiza ule mrija wa hewa chini yake, ili mapovu yakipanda yabebe maji mpaka chunguni. Kutoka hapo maji yashuke kupitia pamba na kurudi kwa samaki. Kazi ilikuwa safi, na hilo lenyewe lilinitia mashaka.

"Pamba hii umeitoa wapi?"

"Shambani kwa mama. Nimeichambua mwenyewe."

"Imepuliziwa dawa ya wadudu?"

Akakuna kidevu. "Kidogo. Ile ya kawaida."

"Toa."

"Shemeji, nitaifua."

"Itoe, tafadhali."

Aliitoa, akinung'unika kwamba wanawake waliosoma hawaamini hata mvua mpaka iwanyeshee. Lakini sikumfukuza. Nilipokuwa peke yangu nilipiga magoti karibu na benchi lile, nikamwomba Mungu anionyeshe kama kutii ni kuwaacha viumbe wake wafe kwa sababu mtu alisema usiguse. Nilichopata ni wazo dogo la kujaribu kwanza kwa kitu ambacho maji yake yana mengine.

Nilinunua furu wawili hai kwa wavuvi, wale samaki wadogo wa ziwani wenye miiba mgongoni, nikawaweka kwenye beseni la maji ya ziwa. Pamba safi niliiomba zahanati. Niliichemsha mara tatu, nikaipanga chunguni, na maji ya beseni yakapita humo siku ya Jumatano, Alhamisi na Ijumaa. Furu hawakulala ubavu. Walizunguka beseni wakinitazama kama wadai. Jumamosi mchana nilisuuza chungu kwa maji ya mvua, nikaweka pamba nyingine, nikakifunga juu ya sanduku. Nilikuwa nimevunja neno nililopewa. Nilipanga kukifungua Jumatatu, saa chache kabla ya kamati.

Jumapili niliketi kanisani, Biblia mapajani, na barua ndani yake. Nilipofungua somo, ilitokeza pembe. Niliisukuma ndani kwa kidole.

Jumatatu maji yalikuwa yameng'aa hata michirizi ya buluu ilionekana kutoka mlangoni. Shemeji alikuwa bado kwetu, akasimama na mikono kiunoni akingoja sifa. Nilitoa pamba, nikaitandaza juu ya gazeti karibu na dirisha.

Ilikuwa imejaa. Nilitegemea kuona majivu, au sabuni, au hiyo chumvi aliyoitaja. Shemeji akainama karibu zaidi kuliko mimi.

"Huu ni ugali," akasema.

Ulikuwa ugali. Chembe za njano, zile za yanga, nyingi. Nikasema moyoni, nimemkamata. Lakini chembe za njano hazikuwa peke yao. Palikuwa na nyingine za kijivu, za udaga, ule ugali wa muhogo uliovundikwa ambao pale shuleni aliula mlinzi peke yake, mtu wa Mugango. Na pembeni, zimenasa kwenye nyuzi, chembe nyekundu za wimbi.

Nilimwita mlinzi kwanza. Hakujitetea hata kidogo.

"Nilikuwaga nawapa kidogo, Mwalimu, jioni nikianza zamu. Wanakuja kwenye kioo wanafungua midomo. Wametoka mbali. Mimi nile, wao waangalie?"

Mpishi akaja akijifuta mikono. Alitazama pamba, akanitazama mimi.

"Mama, ulisema unatafuta chumvi," nilimwambia.

"Nilikuwa naonja kama kweli maji yana chumvi. Nikashangaa wanaishije humo bila kitu tumboni. Wewe unawapa unga wa ukucha, Mwalimu. Mgeni hapewi ukucha. Nikawa nawaletea ugali asubuhi, naumega mdogo mdogo wasije wakakabwa."

"Lakini ulisema huwapendi."

"Siwapendi. Kwani mgeni lazima umpende ndipo umlishe?"

Shemeji akacheka, halafu akainamia tena zile chembe nyekundu. Wimbi jekundu namna ile lililimwa Bunda, na pale Buhare liliingia nyumba moja tu, yangu. Lililetwa na mama mkwe wangu, mama yake yeye, aliyekuwa anakaa kwangu na ambaye kila Jumapili baada ya ibada alipita ofisini, alivyosema, kupumzisha miguu.

Kwenda kumwuliza mama mkwe jambo kama lile si kazi nyepesi. Nilimkuta uani anapepeta. Nilipiga goti, nikamwamkia, nikazunguka na maneno mpaka mwenyewe akachoka.

"Unataka kusema samaki," akasema. "Ndiyo. Mume wangu alinikuta na chakula kila alipoingia na mgeni, hata tusiyejua lugha yake. Mwanangu, nyumba yako ina wageni watano na hujawapikia. Nilikuonea aibu, nikakufichia."

Nilirudi ofisini kwa njia ndefu. Kumbe samaki wale walikuwa wamekula milo mitatu, na uduvi wangu juu yake, na kila aliyewalisha alijificha ili asiniaibishe mimi. Samaki yule wa tano alikufa kwa kukaribishwa.

Barua ilikuwa bado ndani ya Biblia. Ningeweza kuichoma jikoni kwa mpishi, na hakuna ambaye angejua. Nilimwita badala yake, nikafunga mlango, nikamwambia kwamba niliandika jambo baya juu yake na kwamba lilikuwa liende kamati saa tisa.

Alikaa kwenye kiti cha wageni. "Nisomee," akasema.

"Mama, si lazima."

"Mimi sijui kusoma. Wewe unajua. Nisomee."

Niliisoma yote. Niliposoma neno mchafu alitazama viganja vyake. Niliposoma kinyongo hakutikisika. Nilipomaliza nilimwomba msamaha.

"Umesema nimefanya kazi hapa miaka miwili," akasema. "Ni mitatu na nusu. Irekebishe hiyo kabla hujaichana."

Nikachukua kalamu, nikarekebisha, kisha nikaichana mbele yake. Akakusanya vipande akaenda navyo jikoni.

Chungu tulikiacha. Kuosha pamba kila asubuhi nilimpa yeye, kwa kuwa aliomba, na kuanzia siku hiyo hakuna chembe ya ugali iliyovuka mlango ule. Mlinzi alikaripiwa mara mbili. Mama mkwe alipewa ruhusa ya kuweka uduvi, Jumapili tu, akipimiwa juu ya ukucha wake mwenyewe, huku mpishi akisimamia.

Mwalimu mkuu aliporudi kutoka Butiama alitazama samaki wanne, akatazama chungu, akavuta pumzi. Nilimweleza kila kitu, na ile barua pia. Hakunikemea. Alisema tu kwamba, kwa kuwa sasa wanalishwa inavyopasa, chungu kinaweza kuondolewa, mawe yatatosha. Akanyoosha mkono.

"Hicho hakiguswi, Mwalimu," mpishi akasema kutoka mlangoni. "Wewe umesimuliwa tu, hukuona kilikamata nini."

Kilibaki. Samaki wa mwisho aliishi karibu miaka miwili, na alipokufa maji yalikuwa bado yanang'aa.

Wewe unayesoma haya, Bwana akujalie nyumba ambayo mgeni hatoki na njaa. Na siku utakapoandika neno baya juu ya mtu, akucheleweshe hata pasiwe na wa kumpelekea. Amani ya Mungu ikae kwako na kwa wote wanaokula mezani pako. Amina.