Ngata ya Tundu Pana

Nikinusa spiriti popote pale, hata kliniki ninapompeleka mwanangu chanjo, mkono wangu hupanda wenyewe utosini. Pana kovu pale, fupi kama ukucha, nywele hazioti. Na chini ya kovu hilo, wenzangu, nilificha uongo kwa miaka mingi.

Nililelewa na bibi, mama yake mama, pale Ikombe, kijiji unachokifikia kwa mtumbwi. Bibi alikuwa mfinyanzi, kama wanawake karibu wote wa kwetu. Asubuhi niliamshwa na kokoto likisugua chungu, swii, swii, na nyumba nzima ilinuka udongo mbichi. Kazi yangu ilikuwa kubeba. Udongo kutoka shimoni, kuni za kuchomea, na siku ya soko vyungu vyenyewe hadi mtumbwini, kisha kutoka ufukwe wa Matema hadi sokoni. Jamani, nilichukia kubeba! Ila kusema nimechoka sikuthubutu, maana hakuna mtoto niliyemsikia akisema.

Nilipokuwa na miaka tisa, kivimbe kikaota utosini. Hakikuuma, ila mzigo ukikaa juu yake nilitamani kulia. Bibi alikipapasa, akaguna, akanitengenezea ngata, ile pete ya majani makavu ya mgomba tunayoweka chini ya mzigo, lakini yangu akaiacha na tundu pana ili kivimbe kikae humo kwa raha zake. Nacho kwa kutunzwa hivyo kikanenepa. Watoto wakaniita Mama Pembe. Siku moja Bibi akaufunika udongo wake kwa majani, akanipeleka hospitali, Kyela mjini.

Daktari alikuwa kijana wa Tanga, mwenye Kiswahili cha haraka. Kiswahili cha Bibi kilikuwa cha sokoni tu, na mbele ya koti jeupe hata hicho kilimkimbia. Akawa anasema Kikisi, lugha ya kwetu, mimi ndiye mkalimani. Darasa la tatu, nikajiona mtu mkubwa!

Sindano ya ganzi ndiyo iliyouma. Baada ya hapo nilisikia kuvutwavutwa tu, na vidole vya Bibi, vyenye nyufa za udongo, vimenibana mkono. Daktari akatuonyesha kitu chenyewe kwenye kibakuli: cheupe, kinateleza, kama mbegu ya kakao iliyotoka sasa hivi kwenye ganda. Bibi hakukitazama. Alinitazama mimi.

"Muulize," alisema, "ni vyungu vyangu vilivyomfanya hivi mtoto?"

Nikauliza. Daktari akacheka kwa upole. "Hapana, bibi yangu. Hivi huota tu, hata kwa asiyebeba kitu. Kidonda kikipona, atabeba kama kawaida."

Kama kawaida! Nikaliona shimo la udongo, nikauona mchanga wa Matema unavyochoma nyayo. Nikamgeukia Bibi bila kupepesa.

"Anasema ndiyo, Bibi. Anasema nisibebe tena."

Bibi alikitazama kidonda changu. Kisha akamshukuru daktari, "Ndaga fijo, ndaga fijo," akanibeba mgongoni hadi nje, binti mzima, miguu inaning'inia.

Siku za kupona zilikuwa sikukuu. Nililala kifudifudi mkekani, kichwa kimefungwa bendeji, naletewa wali na usipa, dagaa wa ziwani kwetu, kama mgeni. Bibi alinifukuzia inzi kwa pindo la kanga. Nyuzi zilipotolewa nikangoja aniite shimoni. Hakuniita. Alibeba mwenyewe. Palipotosha safari moja akaenda mbili, na siku ya soko tatu, mimi nyuma yake nimeshika kikapu chepesi. Mwanzoni nilifurahi. Baadaye nikaanza kuona shingo yake inavyotetemeka akijitwika, nikawa natazama pembeni. Kila nilipotaka kusema kweli, aliniwekea kiganja utosini, juu ya kovu, akakiacha hapo, na ulimi wangu ukawa mzito. Niliamini anajilaumu. Niliona aibu, lakini sikusema. Nilikua, nikaolewa, sikusema.

Mwaka huu nilikwenda kumwona. Miguu imekwisha nguvu, lakini bado anasugua vyungu vya wenzake. Nikakaa karibu naye, nikaanza kulia kabla sijasema, kisha nikamwambia yote. Kokoto halikusimama.

"Mwanangu," alisema, "nimeuza vyungu Matema tangu sijaolewa. Neno la kwanza la Kiswahili nililojua ni hapana. Wateja walinifundisha."

"Kumbe ulijua!"

"Nilijua. Nikashukuru kwamba si mimi niliyekuumiza. Halafu nikakuangalia: kidonda hata hakijakauka, na unamsingizia daktari wa watu ili usibebe. Nikasema, huyu amechoka, na mimi sikuwa nimeona."

Miaka yote hiyo nilidhani nilijitua mzigo kwa ujanja wangu, na kwamba kiganja kile kilikuwa cha mtu anayejilaumu. Kumbe Bibi alikuwa ananiruhusu kupumzika, bila kuniaibisha.

Nje palikuwa na chungu kinachosubiri mtumbwi. Nikamwambia nitakipeleka mimi. Alinitazama kuona kama namtania, kisha akavuta majani makavu ya mgomba, akaanza kuyazungusha. Macho yake siku hizi hayaoni vizuri, anafanya kwa kupapasa. Aliponipa ngata ile, ilikuwa na tundu pana katikati.