Jiwe Lililoingia Kwenye Santuri

Miaka ya sabini, nikiwa likizoni kutoka chuo kikuu, nilimwambia msichana mmoja wa Moding, aliyekuwa akisomea uuguzi Nangina, kwamba sauti yangu ingesikika kwenye santuri. Hakuwa ameniuliza. Bendi moja ya Malaba ilikuwa imekubali kuimba nami shairi langu la mapenzi, beti nane zenye maneno ambayo hata mimi niliyatafuta kwenye kamusi, na fundi wa kurekodi alikuwa njiani kutoka Nairobi.

Tulirekodi mchana, katika chumba nyuma ya duka la vipuri vya malori. Uani, jirani yetu, mama wa Kiteso, alikuwa akisaga wimbi, yaani ulezi, kwa ajili ya pombe juu ya jiwe. Nilitumwa kumwomba apumzike kidogo, kwa kuwa mimi ndiye msomi. Alisema wageni wake wanakuja Jumamosi na pombe haingoji mashairi.

Basi tukarekodi hivyo hivyo. Fundi alipourudisha mkanda, alisikiliza amefumba macho. Alipoyafumbua aliomba mambo mawili: jiwe lisogezwe karibu na maikrofoni, nami nisogezwe mbali nayo. Beti zangu zikabaki mbili, kisha ubeti mmoja, wa bendi kuimba bila mimi.

Lakini mama alikuwa amemaliza kusaga. Alikubali kutuazima jiwe na wimbi kidogo, si mikono yake. Kila mtu mle chumbani alikuwa na chombo cha kupiga isipokuwa mimi, basi kusaga kukaniangukia. Kwetu mwanamume hapigi magoti mbele ya jiwe la kusagia. Mpiga besi akafunga mlango nisionekane. Mama akasimama dirishani ili anione vizuri.

"Polepole, msomi," alisema. "Hiyo wimbi haijakukosea."

Wimbo ukashika moto. Mashine za santuri za mikahawa ya Malaba na Busia zilikuwa kama hazina kingine, na madereva waliongoja kuvuka kwenda Uganda waligonga meza kwa mwendo wa jiwe. Ubeti wangu ulipofika, ndipo walipoagiza chai.

Kisha yule msichana akaja Busia, akaniketisha mkahawani mbele ya mashine, akatumbukiza sarafu.

"Haya, wewe uko wapi hapo?"

Ama sikuwemo kabisa, ama nilikuwemo nikiwa nimepiga magoti. Nikasema mimi ndiye ninayeitikia nyuma. Katika wimbo ule hakuna aliyeitikia nyuma.

Alisikiliza mpaka mwisho, amekunja uso.

"Na huyu anayesaga mlimtoa wapi?" aliuliza. "Anakimbiza jiwe tu. Huo unga ni chenga tupu, punje hazijasagika. Kwetu angefukuzwa uani."

Ningenyamaza tu, ningeokoka. Lakini nilikuwa nimeusaga unga ule kwa jasho.

"Jiwe lenyewe lilikuwa limelainika," nikasema. "Halikati."

Hakucheka mara moja. Kwanza alitumbukiza sarafu nyingine, akavishika viganja vyangu, akavilaza juu ya meza mbele ya madereva wote, akaanza kunionyesha namna ya kusukuma jiwe.