Mkwe, Mama Mkwe na Chupa Moja

Mwanangu wa kwanza alikataa chupa kwa ukaidi ambao najua kautoa kwa nani, na si kwa baba yake. Likizo yangu ya uzazi ilikuwa inaisha. Dispensari niliyofanyia kazi ilikuwa kusini mwa mji, na siku zile za vita barabara ya huko ingeweza kufungwa wakati wowote. Nikikwama huko hata siku moja, huyu mtoto atakunywa nini?

Nikijaribu mimi, anasikia harufu ya maziwa yangu, anasukuma chupa na kukwaruza blauzi. Mama yangu naye alimlaza chali, akammiminia kama anajaza mtungi, mtoto akapaliwa mpaka macho yakamtoka. Aliyefaulu ni mume wangu, mtu anayeweza kuunguza hata chai! Alimkalisha karibu wima kwenye mkono wake, akagusisha chuchu ya chupa kwenye mdomo wa chini, akangoja. Mtoto akaivuta mwenyewe. Chupa aliishika ikiwa imelazwa, karibu usawa na sakafu, maziwa yakaja polepole. Mtoto akikunja uso, anaitoa, anamweka begani acheue, wanaanza tena. Akigeuza kichwa, basi, ameshiba, halazimishwi. Na muda wote anamsimulia habari za mpira. Nikamshukuru Mungu, na nilishukuru mapema mno.

Maana Mama alikuwa anaishi kwetu. Nyumba yake ya Ruziba ilikuwa imechomwa, akatukimbilia mtaani kwetu Buyenzi na nguo alizovaa. Na kwa mila zetu, mkwe na mama mkwe hawazoeani. Hawali pamoja, hawakai chumba kimoja, wakikutana njiani mmoja anapisha. Ni heshima, sikatai, ukiwa na ua mkubwa na milango miwili. Sisi tulikuwa na vyumba viwili na mlango mmoja!

Mume wangu akikaa sebuleni na mtoto, Mama anataka kupita kwenda uani. Anakohoa. Mume anaruka kama amekalia kaa la moto, chupa inachomoka, mtoto anapaliwa, kilio mtaa mzima. Mama anarudi chumbani kwa aibu, na haja yake vilevile. Mume anakaa, anaanza upya. Mama anakohoa tena. Yoo! Nilitamani kuwafunga wote wawili kwa kamba moja.

"Mwambie mume wako asisimame," Mama ananinong'oneza.

"Mwambie Mama apite tu, mi naangalia ukuta," mume naye ananinong'oneza.

"Ambianeni wenyewe!" nikafoka. "Risasi zinapita juu ya bati, na nyinyi mnapishana hapa kama maharusi!"

Wakanuna wote wawili, kana kwamba mimi ndiye niliyekosa adabu.

"Heshima ya mukwe haiachwi kwa sababu ya chupa," akasema Mama.

"Na mutoto akikufa njaa?" nikamuuliza.

"Apana. Hatakufa."

Ndiyo jibu nililopewa. Fahali wawili wakipigana huumia nyasi, lakini hawa hata hawakupigana. Walikuwa wanaheshimiana, na nyasi zangu zinaumia palepale.

Nikarudi kazini. Haikupita hata wiki, milio ya risasi ikaanza mchana, wanajeshi wakafunga barabara, nikalala dispensari juu ya benchi la wagonjwa. Maziwa yalijaa mpaka kifua kikawa jiwe, blauzi ikalowa, na kila tone liliniuma kwa sababu lilikuwa la mwanangu. Akilini nilimwona mtoto analia, mmoja kasimama huku, mwingine kajificha kule, wanapishana tu. Nililia kwa hasira. Na kwa woga pia, niseme ukweli.

Asubuhi barabara ilipofunguliwa nilikwenda mbio. Nikafika mlangoni, sikusikia kilio.

Nikasukuma mlango. Kitenge cha Mama kilikuwa kimetundikwa katikati ya sebule, ncha moja kwenye msumari, nyingine imebanwa kwenye mlango wa kabati. Upande huu Mama ameketi kwenye mkeka, amempakata mtoto wima, mgongo wa mtoto kifuani mwake. Pembeni mwa kitenge umetokeza mkono wa mume wangu na chupa, karibu kulala. Nyuma yake sauti inasimulia mpira, imekauka kwa uchovu. Mtoto anavuta taratibu. Akakunja uso. Mama akagonga sakafu kwa kidole, mkono ukarudi nyuma ya kitenge. Mtoto akacheua. Mama akagonga tena, mkono ukaja.

Nilitaka kucheka, nikajikuta nafoka. "Mama! Tangu jana mko hivi? Si mngeondoa tu hicho kitambaa?"

Hakuinua macho, alikuwa anaangalia mdomo wa mtoto.

"Nyumba wamechoma," akasema. "Mbuzi wamekula. Baba yako nilimuzika bila sanduku, bila watu. Hii heshima ya mukwe wangu ndiyo imebaki. Unataka na hii nitupe, mi mwenyewe?"

Nyuma ya kitenge habari za mpira zikakatika. Mtoto akaanza kuhangaika. Ncha ya kitenge upande wa kabati ilikuwa imeanza kuteleza. Nikavua viatu, nikakaa chini, nikaishika.