Kona Niliyoifuta Kwenye Ramani

Najua utakachosema. Utasema ni joto. Mtu akikueleza kwamba aliona kitu Kakuma saa kumi jioni, jua bado kali, jibu huwa moja tu: huyo alikosa maji. Basi nianze na hilo. Nilikuwa na mtungi wa lita tano, nilikuwa nimekula githeri mchana, na sijaonja pombe tangu niokoke. Haya yalinipata mimi mwenyewe, sikuyasikia kwa mtu. Ukitaka kucheka, cheka sasa umalize.

Kazi yangu ni kupanga mitandao ya waifai. Watu hudhani ni kupigilia misumari na kuvuta nyaya, kumbe kazi yenyewe ni kutembea. Unapewa ramani ya jengo. Unafunga juu ya mlingoti akses pointi moja, yaani kile kisanduku cheupe kinachorusha mtandao, kisha unazunguka na kompyuta kila chumba ukiandika namba. Namba ikiwa hamsini na kitu, mtandao ni mzuri. Ikipanda kuelekea themanini, mwenye simu ataanza kutukana. Ukimaliza unajua vinahitajika visanduku vingapi na kila kimoja kikae wapi. Ni kazi ya upweke, na mimi naishi peke yangu Kanamkemer, mtaa wa Lodwar, tangu mke wangu arudi kwao, kwa hiyo nilikuwa nimezoea. Au nilijidanganya kwamba nimezoea.

Nilitumwa Kakuma kupima chuo kidogo cha ufundi wanakosoma vijana wakimbizi na wenyeji pamoja. Ilikuwa likizo. Madarasa manne, ukumbi mmoja wa mabati, na mlinzi anayeitwa Ewoi, ambaye kila siku saa tisa alinifungia lango akaenda kunywesha mbuzi wake mpaka saa kumi na mbili. "Ejok," ananisalimia asubuhi. "Ejok," namjibu. Hayo ndiyo yalikuwa maongezi yangu ya siku nzima. Siku ya tatu nilijikwaa kwenye kiti nikakiambia samahani.

Siku hiyohiyo nilimkuta mama mmoja ameketi kwenye benchi, kibarazani nyuma ya ukumbi, kona kabisa karibu na ua wa miiba. Kitenge cha kijani, mkononi simu ya kupangusa yenye kioo kilichopasuka. Ameingiaje na lango limefungwa? Nilijiuliza, halafu nikaacha kujiuliza, kwa sababu alinisalimia. Sijui kama umewahi kukaa siku tatu bila mtu kukuuliza hali.

"Jambo, mwana. Uko unatafuta nini na hiyo mashine?"

Kiswahili cha Kongo, kile cha taratibu. Nikamweleza kazi yangu, naye akasikiliza mpaka mwisho, jambo ambalo hata wanaonilipa hawalifanyi.

"Mi naikalaka hapa," akasema. "Mtoto wangu Bahati walimpelekaka ng'ambo. Anapigaka simu kwa mtandao, mangaribi. Anasema 'mama', halafu inakatika. Kila siku, 'mama', inakatika. Utaleta yako mpaka hapa?"

Kona ile haikuwepo kwenye ramani yangu. Ramani iliishia ukutani. Nikaichora kwa kalamu palepale, nikaweka alama ya kisanduku. "Nitakuwekea kimoja juu ya kichwa chako, mama," nikamwambia. "Nakuahidi." Alifurahi, akapiga makofi mawili madogo.

Tukakaa. Akaniuliza jioni nitakula nini, na nani ananipikia. Niamini, nilimwambia habari za mke wangu ambazo sijamwambia hata mchungaji wangu. "Pole, mwana," akasema. "Nyumba ya mtu moja inakuwaka kubwa sana." Nilisikia raha ambayo nilikuwa nimeisahau. Nilitamani Ewoi achelewe.

Sasa sikiliza kosa langu. Jengo tupu hudanganya. Ukipima wakati wa likizo, namba huwa nzuri mno. Wanafunzi wakijaa, miili yao hunywa mtandao, maana mwili wa binadamu una maji mengi na mawimbi ya waifai hayapendi maji. Kwa hiyo fundi hamalizi kabla ya kumsimamisha mtu kati ya kisanduku na kompyuta, aone namba inaharibika kiasi gani. Nimewasimamisha wafagiaji, walimu, hata askofu mmoja. Siku hiyo Ewoi alikuwa kwa mbuzi. Nikamwomba mama.

"Nisimame tu?"

"Simama tu, mama. Dakika moja."

Nikashusha kisanduku kikawa usawa wa kifua chake. Namba ilikuwa hamsini na mbili. Akasimama katikati. Hamsini na mbili. Nikamwomba asogee karibu zaidi na kompyuta. Hamsini na mbili. Nikadhani mashine imekwama, nikapitisha mkono wangu mbele ya kompyuta, namba ikaruka hadi hamsini na saba. Nikautoa, ikarudi hamsini na mbili. Naye bado amesimama pale, mama mzima, mnene kiasi, kitenge kikipepea. Kwa mashine yangu hapakuwa na mtu.

"Inasema nini?" akauliza.

Alinitazama usoni, na niliona amejua kwamba nimejua. Hakukasirika. Laiti angekasirika! Alisema polepole, "Usikimbie, mwana. Tulikuwa tunaongea muzuri."

Nikakimbia. Kompyuta kwapani, mlingoti nikauacha, nikapita katikati ya ua wa miiba kana kwamba haupo. Nilimkuta Ewoi njiani na mbuzi wake, nikamweleza. Akanitazama miguu iliyokuwa inavuja damu, kisha akasema, "Huyo ni Mama Bahati. Sisi ndio tulizika yeye, mwaka ya juzi. Tulikuta yeye hapo kwa benchi, simu kwa mkono. Hajawahi sumbua mtu." Alivyosema ungedhani anamzungumzia jirani.

Nilirudi Lodwar nikaandika ripoti. Na kwenye ripoti ile, nasema wazi ili aibu iwe yangu, niliifuta ile kona. Nilichora mstari ukutani kama ilivyokuwa mwanzo. Nilijiambia siwezi kumwekea mtandao mtu ambaye hayupo. Mafundi wengine wakaenda kufunga visanduku sita kufuata mpango wangu, na chuo kizima kikapata mtandao isipokuwa pale.

Baada ya miezi miwili Ewoi akanipigia.

"Fundi, hii benchi inatembea."

"Inatembea vipi?"

"Jioni iko kwa kona. Asubuhi imesogea kama unyayo moja, inaenda kwa mlango ya ukumbi. Narudisha, inasogea tena. Mimi nafikiri anatafuta network yako."

Unafikiri nililala? Nilikuwa namwona mama wa watu anaburuta benchi zito peke yake kwenye vumbi, unyayo mmoja kila usiku, kutafuta kitu ambacho mimi nilimwahidi kwa mdomo wangu. Jumamosi iliyofuata nikachukua kisanduku changu mwenyewe, nikapanda pikapu ya Kakuma. Saa tisa nilikuwa juu ya ngazi. Saa kumi na moja kilikuwa kinawaka, pale pale juu ya benchi, namba arobaini na tisa.

Nikaketi mwisho wa benchi, nikamwachia nafasi. "Mama, nisamehe," nikasema kwa sauti. Jua likaanza kuzama. Kwenye kompyuta, orodha ya simu zilizoungwa kwenye kisanduku kile ilikuwa tupu, maana yangu nilikuwa nimeizima. Halafu ikaonekana moja. Haikuwa na jina. Ilikaa dakika arobaini na haikukatika hata mara moja.

Sikusikia chochote. Niliketi kimya kwa adabu, kama unavyoketi mtu akiongea na mwanawe. Nilikuwa nangoja amalize ili anigeukie, aniulize nitakula nini jioni. Nilikuwa nimebeba hata soda mbili. Simu ile ikatoka kwenye orodha, giza likaingia, na hakuna aliyenigeukia.

Benchi halijasogea tena. Nimerudi mara nne, hakuna mtu. Mpaka leo simsimamishi mtu yeyote mbele ya mashine. Nakisia tu, na wenzangu wananicheka kwamba nimezeeka. Wewe uliyenisikiliza mpaka hapa, shika hili moja. Mtu akikusalimia mahali ambapo hukutarajia mtu, mwitikie. Keti naye, na kama anaomba kitu unachokiweza, mfanyie. Usimpime. Mimi nilipima, nikapata jibu sahihi kabisa, na jioni zangu zote Kanamkemer nakula peke yangu nikijua ni nani angeniuliza kama nimeshiba.