Bi Mbu Atafuta Mshipa wa Wifi

Umande haujakauka juu ya bati la banda, Bi Mbu anaingia akiwa amebana bomba la sindano kwapani. Analipasha joto. Huyu mgonjwa wake, anasema, kitu cha baridi hataki kimguse.

"Umeamkaje, wifi?" anamuuliza farasi.

Wifi ni farasi jike wa kahawia, umri umekwenda. "Namwita wifi kwa sababu tangu aletwe hapa hajanisifia hata siku moja," anaeleza. Yeye mwenyewe jina la Bi Mbu alibandikwa na wenzake, maana kazi yake ni kuwatoa damu farasi wagonjwa ili ikapimwe.

Inasemekana enzi zake Wifi alimpiga mtu teke, kofia ikatua juu ya paa. Kofia ipo mpaka leo. Hakuna aliyejitolea kuifuata.

Siku hizi hapigi mtu. Figo zinamsumbua, na dawa yake ni kali. Daktari wa mifugo hampi dozi nyingine mpaka aone damu. Bila damu hakuna dawa, na bila dawa atachomwa sindano ya kumpumzisha, asiamke tena.

Tatizo ni pa kuitoa. Mishipa ya shingoni, ambako kila mtu hutoboa, imekufa pande zote mbili kwa kuchomwa mno. Ukiibonyeza ni migumu kama kamba iliyosahauliwa juani. Daktari akamfundisha Bi Mbu kuhamia shavuni: chini ya ukingo wa mfupa, sindano iingie wima mpaka iguse mfupa, irudi kidogo, damu ije. Shavu la kulia lilitumika mpaka likachoka. Likabaki la kushoto.

Jana mumewe, ambaye ndiye mlisha farasi wa banda hilo, aliona pamba aliyobandika mkewe shavuni inataka kudondoka. Akaikaza hatamu ili ukanda uishikilie. Ukanda ukalala juu ya kidonda, na kulipokucha shavu lilikuwa limevimba kama la mtu anayeficha kiazi mdomoni.

"Nilitaka kumsaidia," anasema mume, macho kwenye ndoo.

"Ungemsaidia kwa kwenda kulala."

"Basi, mama watoto."

"Basi nini? Mimi natafuta mshipa, wewe unaniletea basi."

Bi Mbu anachuchumaa ubavuni, nyuma ya kiwiko cha mguu wa mbele. Ananyoa manyoya, anapapasa, anachoma. Tone moja jeusi, kisha kimya. Anahamia upande wa ndani wa mguu huohuo, mumewe akiuinua ule mwingine ili Wifi asiweze kurusha teke. Wifi hana hata hamu ya kurusha. Damu inakuja kwa kusuasua, nyingi inaganda ndani ya bomba kabla ya kufika kwenye kichupa.

Daktari, kijana mpole, anafika na kukiinua kichupa kwenye mwanga.

"Hii haipimiki, mama."

"Iongeze maji."

"Mama."

Daktari anasema mwenye farasi amekwisha kukubali. Kesho asubuhi damu isipopatikana, atakuja na ile sindano nyingine. Anaondoka polepole, kama mtu aliyesahau kitu.

Mume anajaza maji ambayo Wifi hayanywi. Mke anafuta sindano zake moja moja, bila haraka.

"Limebaki paja, upande wa ndani," anasema. "Huko hata daktari haendi bila kuaga nyumbani kwake."

Sindano ya kumpumzisha nayo inataka mshipa, na atakayeambiwa autafute ni yeye. Analijua hilo.

"Kesho nitamtangulia daktari," anasema, kiganja chake kikiwa juu ya paja la Wifi. "Nikiupata, najaza kichupa changu. Halafu nauziba kwa kidole hivi, na mtu akiniuliza uko wapi, simwonyeshi."